Mshale Upi

Mwanamke aliyeingia kununua dawa ya kikohozi aliitazama kaunta, akaitazama tena, kisha akauliza mishale ile inatibu nini.

"Inanitibu mimi," Dozi akajibu bila kuinua macho kwenye mizani. "Au inaniua. Bado sijajua."

Jina la Dozi alipewa na wateja, kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka katika duka lile la dawa bila kuambiwa mara tatu ameze vingapi na saa ngapi, na akifika mlangoni huitwa arudi aambiwe mara ya nne. Alikuwa mtu wa vipimo. Kwake yeye kitu kisichopimika ni uvumi tu. Ndiyo maana mapumziko ya mchana siku ile ya Jumatano yalimkuta amelaza mishale kumi na miwili juu ya kioo cha kaunta, kati ya dawa za macho na bandeji, akiipima mmoja mmoja kwenye mizani ndogo ya unga wa dawa. Sita ilikuwa imefungwa uzi mwekundu, sita uzi mweusi. Ya uzi mwekundu ilikuwa gramu ishirini na nne kila mmoja, na ya uzi mweusi thelathini na nne. Akarudia, majibu yakawa yaleyale. Kupima kumekwisha na hakuambulia kitu, maana mizani inajua kusema kitu kina uzito gani, haijui kusema kinatakiwa kiwe na uzito gani.

Mishale ilikuwa ya baba yake. Mzee alikuwa fundi saa, na alipenda vitu viwili duniani ukiacha watoto wake: saa za watu na upinde wake. Miaka miwili alikuwa akichonga upinde mrefu wa mti mmoja, mrefu kumpita yeye mwenyewe, akiukwangua kidogo kidogo kila akipata nafasi kati ya saa mbovu moja na nyingine. Akaupaka vanishi. Akachonga na mishale ya kuujaribia, mafungu mawili. Vanishi haijakauka vizuri, kiharusi kikamkuta palepale benchini, kibanio kikiwa mkononi.

Huo ulikuwa mwezi wa tano sasa. Upande wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalimtawanyika. Chai aliiita saa. Binti yake, Dozi, alimwita mama, na mwanawe wa kiume alimwita bwana, kwa heshima zote, utadhani ni mteja aliyekuja kuchukua saa yake. Dozi alipomwambia kwamba Jumamosi, siku ya wanachama, atampeleka kwenye klabu yao ya upinde na kuupiga upinde ule mbele ya macho yake, machozi yalimtoka mzee jicho moja. Kama ilikuwa furaha au lilikuwa jicho tu, hakuna aliyejua.

Ahadi ilikuwa imetoka, na upinde haujawahi kurusha hata mshale mmoja. Dozi alikuwa akipiga shabaha tangu utotoni, lakini siku zote kwa mishale aliyopewa na baba, tayari imechaguliwa. Akampigia simu Kapteni, mkuu wa klabu, mtu mzima mwenye upinde wa chuma na magurudumu madogo mwishoni.

"Sikiliza, mwanangu," Kapteni alimwambia. "Ukivuta upinde unaujaza nguvu. Ukiachia, lazima mshale uibebe ile nguvu. Mshale ukiwa mwepesi mno, inayobaki inarudi kwenye mti, na mti unapasuka. Ukiwa mzito mno, hufikishi, unaanguka njiani."

"Sasa mwepesi mno ndiyo upi?"

"Hapo ndipo sijui. Wangu ni chuma. Wa mti mmoja, tena aliouchonga baba yako, anaujua baba yako."

Asante sana, Kapteni. Dozi akaingia kwenye simu yake kutafuta, akapata ukurasa wa wapiga upinde wa nchi za mbali, simu ikamtafsiria kwa moyo mmoja. Ukurasa ulisema mshale uwe na nafaka kumi kwa kila pauni. Nafaka hiyo ni uzani mdogo wa Kizungu, na pauni ni ya nguvu ya upinde, lakini simu haikusema hivyo. Akausoma mara tatu. Akawaza mahindi, akawaza mtama, akawaza mtu anayelipia nafaka zake kumi kwa pauni moja nzima, akaizima simu.

Jioni alimwekea baba yake mafungu yote mawili mapajani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na benchi la kazi, maana hapo ndipo alipotulia, kati ya makopo ya skrubu na vioo vya saa. Kaka yake Dozi alikuwa juu ya ngazi akibadilisha taa ya chumba. Yeye alikuwa fundi umeme, na kwake yeye waya ama una moto ama hauna, mambo ya katikati hakuyaamini.

"Baba," Dozi akasema polepole, "ule upinde wako. Tupige na ipi?"

Mzee aliutazama uzi mwekundu, akautazama mweusi. Mkono wa kushoto ukainuka, ukatua juu ya fungu jeusi.

"Mwepesi," akasema.

Dozi akashusha pumzi, kisha akaipandisha tena. Fungu alilolishika ndilo zito, na neno alilolisema ni la lile lingine. Au anasema ule mwingine ni mwepesi? Au anataka mwepesi, na mkono ndio uliokosea? Akayabadilisha mafungu, la kushoto akalipeleka kulia. Mkono ukalifuata jeusi.

"Saa," mzee akasema. "Mama. Mwepesi."

"Nimeelewa, baba," Dozi akasema, ingawa hakuwa ameelewa chochote. Akajaribu mara ya tatu. Safari hii mzee alilishika fungu jekundu, akalisukuma mpaka likamfikia binti yake kifuani. Sasa hilo lilikuwa nini? Mtu akikusukumia kitu, amekupa au amekikataa? Dozi alibaki amelikumbatia lile fungu, hajui ashike lipi.

"Mwache apumzike," kaka yake akasema kutoka juu. "Ungemwekea kijiko na chanuo angechagua hivyohivyo."

"Anaelewa."

"Jana alinishukuru kwa kuitengeneza saa yake, na mimi nilikuwa nimemletea viatu." Akashuka ngazi, akapangusa mikono. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka kutumaini, na uchovu wa namna hiyo humfanya mtu aongee kwa ukali. "Ukitaka kujua baba alikuwa anasema nini, muulize yule wa zamani. Si alikuwa anaandika kila kitu?"

Ni kweli alikuwa anaandika. Mzee alikuwa na daftari moja tu la kazi zake zote, za saa na za upinde, lenye jalada lililolowa mafuta ya mashine. Hakuandika majina ya watu wala tarehe. Aliamini kwamba kazi aliyoifanya mwenyewe hawezi kuisahau, na mpaka kiharusi kilipokuja hakuwa amekosea. Ijumaa walilipekua wote wawili, vichwa vimegusana juu ya benchi, mzee akiwatazama. Kurasa za mwisho kabisa, kaka akaweka kidole.

"Hii hapa. Soma."

Pembeni mwa ukurasa mzee alikuwa amechora duara lenye nukta katikati. Chini yake, kwa mwandiko wake uliosimama wima: *Mshale mrefu mzito. Unachelewa kupanda, ukishuka unakimbia. Punguza gramu kumi.*

Dozi alihisi mwili mzima ukilegea kwa raha. Shabaha imechorwa. Mshale mrefu umetajwa. Mzito unachelewa kupanda na unakimbilia chini, kama Kapteni alivyosema. Na gramu kumi! Thelathini na nne toa kumi ni ishirini na nne, hesabu ya mtoto. Kumbe mzee alianza na uzi mweusi, akaona ni mzito, akachonga mwekundu. Hiki sasa kilikuwa kipimo, kimeandikwa, na mwenye kukiandika alikuwa na akili zake zote.

"Basi ni mwekundu," akasema.

"Mwepesi," mzee akasema kutoka kwenye kiti.

"Umeona?" kaka akasema. "Leo mmekubaliana."

Mzee akapiga mkono wa kiti kwa kiganja, mara mbili. Wakadhani anataka maji, wakampa maji, akayanywa.

Hapa inafaa niseme jambo ambalo watoto wale walilijua kuliko mtu yeyote, na ambalo siku ile halikumpitia hata mmoja wao kichwani. Katika nyumba ile neno mshale lilikuwa na kazi mbili. Walipokuwa wadogo, baba yao akiwaita benchini, "Niletee mshale," walikuwa wakijibu kwa pamoja, "Mshale upi?" Naye alikuwa akisema "wa kuzunguka," wakamletea kopo la mishale ya saa, au "wa kurusha," wakakimbilia podo lililoning'inia nyuma ya mlango. Hata alipokuwa ameishika saa ya mtu wazi mkononi na jibu likionekana, bado waliuliza, na bado alijibu. Ulikuwa mchezo. Kisha wakakua, wakaacha kuuliza.

Jumamosi asubuhi uwanja wa klabu ulikuwa na watu wapatao ishirini, wamevaa kofia, wanaongelea upepo. Kaka alikisukuma kiti cha mzee mpaka kwenye kivuli cha jengo la klabu, chini ya ile saa kubwa ya ukutani, akakifunga breki. Wanachama wakaja kumpa mkono wa kushoto. Mzee aliwaita wote bwana, na wawili wao kweli walikuwa wateja.

Dozi akaufunga upinde kamba. Ulikuwa mzuri, mwepesi mkononi, na alipouvuta kidogo bila mshale aliuhisi ukiamka polepole kote, kuanzia katikati mpaka ncha. Miaka miwili ya jioni za baba yake ilikuwa imo humo. Ukivunjika, hakuna mkono wa kuchonga mwingine. Hilo alilijua tangu Jumatano, lakini kulijua ukiwa umeushika ni kitu kingine. Akachukua mshale wa uzi mwekundu, akauweka kwenye kamba, akavuta mpaka kona ya mdomo, akaachia.

Upinde ulilia vibaya, kama mlango uliobamizwa kwa hasira. Mtikisiko ukampanda mkononi mpaka kwenye meno. Mshale ulipita juu ya shabaha, juu ya tuta la mchanga lililo nyuma yake, ukaenda kupotelea kwenye majani.

Chini ya saa, mzee alikuwa akipiga mkono wa kiti kwa kiganja, haraka haraka.

"Mwepesi," alikuwa akisema. "Mwepesi, mwepesi."

"Amefurahi," kaka akasema, lakini hakuonekana kuwa na hakika.

Kapteni alikuwa ameshafika. Aliuchukua upinde, akaupitishia kidole gumba mgongoni taratibu, akasimama karibu na ncha ya chini. Pale vanishi ilikuwa imepasuka kwa mstari mwembamba.

"Ni rangi tu," akasema. "Mti bado. Lakini mlio ule siupendi, na ukirudia sikuahidi kitu. Nani amekuchagulia mshale huu?"

"Baba."

"Amekwambia?"

"Ameandika." Dozi alitoa daftari mfukoni, akalifungua penye duara. Alikuwa tayari kujitetea, mwandiko si huu hapa, gramu si hizi hapa. Kapteni alirudisha kofia nyuma, akasoma, akasoma tena huku midomo ikicheza. Kisha akainua kichwa, akatazama juu ya kiti cha mzee, ukutani.

"Mwanangu, hii ni saa yetu."

"Saa gani?"

"Hiyo hapo. Mshale mrefu, wa dakika. Ulikuwa mzito, kila ikipita nusu unajikongoja kupanda, ikifika saa kamili unaporomoka. Mashindano yalikuwa yanachelewa halafu yanawahi, watu wanagombana. Baba yako aliuteremsha akaukata gramu kumi. Nilimshikia ngazi mwenyewe."

Dozi aliitazama saa. Mshale mrefu ulikuwa umevuka nusu na unapanda vizuri kabisa, bila haraka, bila kuchelewa. Akalitazama duara kwenye daftari, lenye nukta katikati. Uso ulimwaka. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kilichouma zaidi. Baba yake alikuwa amemjibu. Jumatano alimjibu mara tatu, mbili kwa kushika na moja kwa kukataa, Ijumaa akamjibu tena, na leo anapiga kiti mpaka kiganja kimekuwa chekundu. Naye alimwacha aliye hai mbele yake akaenda kumwamini aliye kwenye karatasi, kwa sababu wa kwenye karatasi alikuwa na mwandiko uliosimama wima.

Au hakumjibu? Maana hata sasa hakuwa na hakika. Huenda mkono ulipenda rangi nyeusi tu. Huenda kiganja kilitaka maji. Ule mkanganyiko wa siku nne ulikuwa bado uko palepale, na kipimo chake pekee kilikuwa cha saa. Watu ishirini walikuwa wakimsubiri.

Akatembea mpaka kwenye kivuli, akapiga magoti mbele ya kiti, akaweka mafungu yote mawili chini kwenye nyasi, mbali na macho ya mzee. Hakujua anataka kusema nini mpaka aliposikia amelisema.

"Baba, niletee mshale."

Mzee aliacha kupiga. Kipaji cha uso kikajikunja. Dozi akagundua amekosea, ameyasema maneno ya baba badala ya yake, na katika kuchanganyikiwa kule akataka kulia. Akajaribu tena, safari hii upande wake.

"Mshale upi?"

"Wa kurusha," mzee akasema.

Alisema vizuri, moja kwa moja, kama mtu aliyekuwa ameinamia saa na hataki kusumbuliwa. Kaka, aliyekuwa ameshika kiti kwa nyuma, aliachia mikono.

Dozi aliinua mafungu yote mawili. Mkono wa kushoto ulikuja bila kusita, ukalisukuma jekundu mpaka likaanguka kwenye nyasi. Mzee alilitazama pale lilipoanguka. "Mwepesi," akasema, kwa dharau, jinsi alivyokuwa akisema juu ya saa za bei rahisi. Kisha akachomoa mshale mmoja kwenye fungu jeusi, kwa shida, vidole vikiteleza, akampa.

"Asante, baba," Dozi akasema. Macho yalikuwa yamemjaa, akayafuta kwa mkono wa blauzi, maana huwezi kulenga huku unalia. Akarudi kwenye mstari. Hata sasa angeweza kuwa amekosea, na safari hii hakukuwa na karatasi ya kusingizia. Akaweka mshale, akavuta. Uzito wake aliuhisi kwenye kidole. Akaachia.

Mlio ulikuwa wa chini, kama mtu aliyefunga kitabu. Mkono haukutikisika. Mshale ulikwenda taratibu kuliko ule wa kwanza, wote waliuona ukipanda na kushuka, ukajichomeka kwenye duara la nje la shabaha, upande wa chini. Haukuwa wa kujivunia. Kapteni aliuchukua upinde tena, akapitisha kidole, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaurudisha.

Dozi alipogeuka, alimkuta kaka yake amechuchumaa mbele ya kiti. Alikuwa ameokota fungu jekundu kwenye nyasi, na analigeuza geuza mikononi bila kujua alipeleke wapi. Yule mtu wa waya wenye moto na usio na moto alikuwa na uso wa mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa.

"Na hii, baba?" akauliza. Akaanza upya. "Mshale upi?"

Mzee aliitazama ile mishale ya uzi mwekundu kwa muda mrefu. Akainua macho kwenye saa kubwa ya ukutani, akayashusha.

"Wa kuzunguka," akasema.

Wakatazamana, kaka na dada. Ulikuwa utani, au ulikuwa ugonjwa? Dozi alimchungulia baba yake usoni, kwenye ule upande ambao bado ulikuwa unatii, akaona kona ya mdomo imepanda kidogo, labda gramu moja, labda mbili. Hakuwa na mizani ya kupimia kitu kile. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa juu ya magoti ya mzee, mabega yanacheka au yanalia, na mkono wa kushoto ukamshukia kisogoni.

"Bwana," mzee akamwambia, akimpapasa nywele. "Bwana wangu."